Siku nilipogeuza antene

Mujukuu wangu Neema,

Hapa Saio siye wote tuko wazima. Dada yako amezaa mutoto mwanamuke. Umeniuliza televisheni gani iko bora, ya analoji ao ya dijitali. Picha ya dijitali iko safi, sibishi. Lakini mawimbi yakiharibika, picha na sauti vinakatika pamoja.

Nilipokuwa na umri wako, analoji ilionyesha kwaya yetu, miye nikiimba peke yangu mbele. Majirani walijaa kwetu kuangalia. Haya ikanishika, nikatoka inje, nikageuza antene wasinione. Picha ikajaa nukta nyeupe, ila sauti ikabaki.

Mama akapaza sauti mule ndani: "Munyamaze! Ile sauti iko ya binti yangu!"

Akatoka, akanikuta ningali nashika antene. "Acha hiyo, kuja utuimbie."

Nikaingia, nikaimba. Kwa dijitali, Neema, ningefaulu kujificha.

Koko wako,
Furaha