Tundu la Taa Kati ya Chumba Changu na cha Mama

Jumatano, Mfunguo Tatu. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile nyepesi ya kuudhi, isiyomlowesha mtu sawasawa wala kumwacha akakauka. Nami nimechoshwa na watu wote wa Kasongo, nikianza na hawa wa nyumbani kwetu.

Naandika kwa hasira, kwa hiyo herufi zitakwenda upogo. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alisema mwandiko wangu ni kama wa kuku aliyetoka matopeni. Sawa. Lakini mtaa huu mzima kuku huyo ni mimi peke yangu, vijana wengine hata karatasi hawajaikanyaga.

Habari yenyewe ni chumba.

Mwezi ukiandama namwoa Zuhura wa Nyangwe, na watu wake wametoa sharti moja: shangazi yake aje kwanza akione chumba. Kikimpendeza, Zuhura analetwa hapa. Kisipompendeza, mimi ndiye nitakayehamia Nyangwe nikakae uani kwa wakwe, niamshwe na mama mkwe, nitumwe samaki mtoni kama mutoto wa jirani. Mimi, kijana ambaye kutoka hapa hadi Kabambare hakuna anayevaa kanzu ikamkaa hivi. Haiwezekani.

Basi nikapanga kazi. Nyumba yetu ni ya miti na udongo kama za wengine, na kuta zake zimekula masizi ya taa ya mawese tangu sijazaliwa. Nikasema sakafu itapigwa upya, kuta zitakandikwa na kupakwa udongo mweupe, mlango utapata pazia. Na mwanga uwe mwanga kweli. Baba yuko Kabambare kwa biashara zake, na amenitumia taa ya kioo kwa mikono ya wapagazi. Imefika nzima, imefungwa ndani ya majani makavu ya mgomba. Ukiiwasha unaona hadi miguu ya mende.

Kilichonivimbisha kichwa ni wazo langu. Taa moja, vyumba viwili vya giza: changu, na cha mama kilicho upande wa pili wa ukuta. Wageni wa kutoka pwani hutusimulia vidaka vya nyumba zao za mawe, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea taa. Nikajiambia, wao wanachimba nusu ya ukuta, mimi nitautoboa wote. Taa ikae katikati, imulike huku na kule. Hata huko pwani hawajawaza hivyo.

Sasa najua kwa nini hawajawaza.

Rafiki yangu Kibwana, aliyekuwa akinikandia udongo, aliniuliza mara moja tu, "Na mama akitazama?" Nikamwambia akande udongo, akili aniachie mimi. Akakanda huku anacheka peke yake, nikadhani ni wivu.

Tukakata fito, tukatoa tundu la ukubwa wa sinia, tukalizungushia udongo laini. Jana baada ya magharibi nikawasha. Wallahi palipendeza. Mama aliketi upande wake na mkeka wake, akasema macho yake yamerudi. Siku hizi giza likiingia husuka kwa kupapasa, au huenda jikoni kuufuata mwanga wa moto. Nilifurahi kuliko ninavyotaka kuandika hapa.

Leo alasiri shangazi akaja. Mwanamke mfupi, mpole, anaongea taratibu kama anayechagua mchele. Sakafu akaipiga kwa kisigino, akaridhika. Ukuta akaupitishia kidole, kidole hakikutoka na kitu. Mimi nimeshaanza kutabasamu. Akaketi kitandani, akainua macho. Na mama, kwa adabu zake, akainama kwenye tundu upande wa pili, uso wake wote ukatokea pale juu ya kitanda cha bibi harusi.

"Karibu, dada. Habari ya njia?"

"Njema, dada." Shangazi hakutikisika. "Wewe unalala hapo?"

"Ndiyo. Iko mahali pazuri. Nasikia kila kitu."

Kibwana akatoka nje akikohoa kikohozi cha uongo.

Shangazi akanigeukia mimi. "Mutoto wangu, taa nimeiona, inawaka vizuri. Lakini Zuhura iko bibi harusi, haiko ngoma ya kutazamwa. Ziba. Nitalala kwa ndugu zangu hapa mjini, Ijumaa nitarudi. Nikikuta pako wazi, ao udongo bado mubichi, mutoto wetu atabaki kwetu."

Mbichi, anasema. Na mvua hii.

Nimefoka hadi nimekauka koo. Nimemfokea Kibwana kwa kuwa alijua asiniambie, naye akasema aliniambia. Nimetaka kumfokea mama, akaniuliza amekosa nini, nikaenda kuchota udongo. Tukaanza kuziba. Mimi nikafunga fito upande wangu, mama akakandika upande wake, na lazima nikiri kwamba mkono wake unalainisha udongo kuliko wangu.

Tundu lilipobaki la kupitisha taa tu, tukagombana. Nikaisukumia kwake. Akairudisha. Nikaisukuma tena.

"Yule mwanamke anakuja kutazama chumba chako, hakuja kutazama mikeka yangu," akasema. "Chukua, mwanangu, kabla sijakasirika."

Nikachukua. Akaziba palipobaki. Kwa muda niliona ukuta unatikisika kidogo chini ya kiganja chake, kisha ukatulia.

Sasa naandika kwenye mwanga mwingi hata aibu. Nimewasha moto mdogo chini ya ukuta ili ukauke kabla ya Ijumaa, na moshi umeanza kuula weupe wangu. Nani alinituma? Na sasa hivi nimemsikia mama akikunja mkeka wake, akienda nao jikoni.

Hilo linaniudhi kuliko shangazi, kuliko Kibwana, kuliko mvua.

Lakini chumba hiki mpaka mwezi uandame ni changu peke yangu, na mwenye chumba humkaribisha amtakaye. Nikiweka kalamu hii chini nakwenda kumwita aje asukie huku, juu ya sakafu yangu mpya. Akikataa nitaubeba mkeka mwenyewe, atanifuata.

Zuhura akija, je? Sijawahi kuuliza kama naye husuka. Kama husuka, jioni wataketi wawili hapa chini ya taa wanisengenye, na mimi mwenye chumba nitafukuzwa nikakae barazani.

Baraza lenyewe linavuja. Jumamosi nitalianza.