Vijiti vya mtufaha nilivyokata chini ya kifundo

Mpendwa mshauri, shikamoo, nishike mkono maana nimejitia matatani mwenyewe. Nyuma ya nyumba nina mtufaha alioacha mama mkwe, mtamu mpaka wenzangu wa kikundi cha wakulima huniomba vijiti vya kubebeshea miti yao, yaani vya kuunganisha kwenye miti yao, basi mwaka huu nikasema haya, nikaona matawi ya juu ni mafupi, yamepinda na bado yamelala, hayajachipua, ila shinani kuna machipukizi marefu yaliyonyooka, nikakata hayo nikawagawia watu tisa, wakanipigia makofi, kumbe juzi napalilia ndiyo naona kile kifundo alipobebeshea mama mkwe, na machipukizi yote yalitoka chini yake, yaani kwenye shina la mtufaha pori, matunda yake machungu hata mbuzi hawayataki.

Wanane wamejaribu tawi mojamoja tu. Anayeninyima raha ni jirani yangu, mama mmoja fundi cherehani wa miaka sabini na tisa, ana mti mmoja na ameukata matawi yote ili abebeshe vijiti vyangu. Kila asubuhi ananiita nikaone vilivyoshika, ananiambia, "Mwanangu, matufaha haya nitayala kabla sijafa." Mimi nachekacheka. Mume wangu anasema, "Nyamaza. Matunda ni mpaka miaka mitatu, watasema ni udongo." Siku hizi napita njia ya nyuma ili asinione. Nifanyeje?

Mwenye aibu

Dada, pole, lakini pole yangu ni ndogo. Kukosea kukata kunamkuta yeyote mwenye haraka. Ila umejua, na bado unachekacheka mbele ya mama wa watu! Na mumeo mwambie udongo haujamkosea mtu.

Hayo matawi mafupi uliyoyadharau ndiyo mtufaha wenyewe. Yakishachipua, umechelewa mpaka mwaka ujao, na mwaka huo wewe pengine unao, yeye hatujui. Kwa hiyo leo hii kata vijiti vya juu ya kifundo, vifunge kwenye kitambaa chenye maji, uende kwake kabla ya wale wanane. Usizunguke kwa kuulizia wajukuu wake. Sema, "Mama, nilikupa vijiti vya pori, kosa ni langu," kisha funga mdomo. Usimtaje mumeo, wala usilie ukamwachia kazi ya kukubembeleza. Itamuuma, na ana haki. Akikufukuza, viache vijiti mlangoni, urudi kesho asubuhi. Akikukabidhi kisu, panda ngazi kwenye mti wake, ukate vile vya pori ubebeshe hivi.