Mahindi Yaliyorefuka kwa Njaa

Bariadi, 14 Februari 1995. Tangu asubuhi mawingu mazito, upepo mkali.

Kaka Machibya,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, pamoja na wifi Jenifer. Sisi tunapumua. Magoti yanamsumbua Mama, lakini anakusalimu na kuuliza kama kile kikohozi kimekuacha.

Ile dawa ya kukuza mazao uliyotutumia niliitumia upesi, maana mbolea ya ruzuku haiji tena na ya maduka ya watu binafsi hatuiwezi. Mahindi yalikuwa ya manjano. Nilipopulizia yalinyanyuka hadi Mama akapiga vigelegele. Nami kwa tamaa nikapulizia tena. Sasa yamenizidi kimo, mashina membamba, majani yamepauka, na upepo ukipita mstari mzima unalala. Jirani yetu Nyanjige alisimama mpakani akauliza kama mwaka huu tunalima fito za kujengea. Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia nyuma ya ghala.

Bwana shamba Paschal alikuja kuyaona. Alisema dawa si bandia. Ni homoni, inauamuru mmea urefuke lakini haiupi chakula, na udongo wetu umechoka. Akasema nimemchapa ng'ombe mwenye njaa ili akimbie. Kisha akaonyesha zizi letu: samadi ile ya zamani, iliyooza vizuri, ikiwekwa mashinani kabla ya mvua, huenda nusu ya shamba ikabeba. Nilimweleza kwamba Baba amezikwa humo zizini, kwa mila yetu, na kwamba wewe, mrithi wake, ulikataza jembe lisiiguse ardhi ile.

Kaka, sikuandikii kuomba ruhusa. Jibu lako lingekuta shamba limekufa. Leo nimechimba. Nilianza langoni, mbali na kaburi. Mchana Mama akaja na karai, akapiga magoti hayohayo yanayomuuma, akamwambia Baba kwa sauti kwamba wajukuu zake watalala njaa akiwanyima mavi ya ng'ombe wake. Akaanza kujaza mwenyewe. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Mama usimwambie neno.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na Mungu akulainishe moyo kabla hujanijibu.

Mdogo wako,
Elina

Saa saba usiku. Namsikia Mama chumbani, bado anamweleza Baba. Nalala.