Bosi Anataka Sauti Yangu Izime Mkutano wa Jumamosi

Shikamoo Shangazi Tereza, naomba unisaidie, na jina langu liandike tu, nimechoka kujificha. Huu ni mwaka wa kumi na mbili napikia familia moja ya Kihindi hapa Mkuyuni, na miaka yote hiyo nina kikombe changu na sahani yangu, vinakaa nje karibu na bomba, havichanganywi na vya ndani, wakati chapati wanazokula nazikanda kwa mikono hii hii, sasa mwezi huu binti yao Hiral, niliyemlea tangu chekechea, akakipiga picha kikombe bila kuniuliza, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la waliosoma naye, akaandika kwamba kwao mtu mweusi hanywei kikombe cha ndani, picha ikafika hadi grupu la kwaya yetu, wapishi na walezi wa watoto wakaanza kutuma picha za vikombe vyao, Buswelu mpaka Kiseke, na wamepanga Jumamosi tukutane uwanjani kupinga ubaguzi huu. Baba Hiral anataka nirekodi sauti niitume kwaya, niseme kikombe nilichagua mwenyewe. Anasema, "Sauti yako wanaijua, Amondi. Wakikusikia wewe watatulia." Nisiporekodi nifungashe virago, na nina wanangu wawili sekondari. Nifanyeje?

Amondi, Mkuyuni

Marahaba Amondi. Pole sana, na hasira yako ni halali. Ila nikugombeze kwanza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, sasa mshindo wako wewe uwe uongo? Bosi wako si mjinga. Anajua watu wanakuja kwa sababu wanakufahamu na wanakuamini, ndiyo maana anaitaka sauti yako. Usimpe.

Hiral mwambie ukweli: amefanya jema kwa njia ya kibosi, kuamua mambo yako bila kukuuliza. Kama anataka kusaidia, aliyoyaandika kwenye simu ayaseme mbele ya baba yake.

Kesho nenda ofisi ya kazi ya serikali. Kama huna mkataba, nenda hivyo hivyo, wakuandikie miaka yako yote. Wanaoandaa Jumamosi wapeleke taarifa polisi mapema, kwa maandishi, na asitukanwe Mhindi yeyote kwa asili yake. Mnapinga ubaguzi, msiuhamishe. Kazi unaweza kuipoteza, sikudanganyi, kwa hiyo kaa na wanao uwaeleze leo.

Halafu rekodi hiyo sauti, bosi akiwa amesimama hapo anasikiliza: "Mimi ni Amondi. Kikombe sikukichagua. Jumamosi nakuja."