Kikao cha Dharura Kuhusu Barua Iliyoomba Neno la Siri

KIKUNDI CHA MAFUNDI CHEREHANI

Tarehe: Ijumaa, 14 Juni
Mahali: Chumba cha kukatia vitambaa
Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi makoti), Mama Vifungo (mwanzilishi wa kikundi), Fundi Zipu, na Katibu (fundi suruali)
Hakuhudhuria: Mweka Hazina, kwa udhuru. Amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:10 alasiri, baada ya kuomba mara tatu cherehani zizimwe. Ya Mama Vifungo ilizimwa mwisho, kwa kuwa alikuwa anamalizia pindo.

KUMB. NA. 2/6: KUIBWA KWA AKAUNTI
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumanne kikundi kilishindwa kuingia kwenye akaunti yake ya barua pepe, yenye picha za mitindo na vipimo vya wateja vya miaka kumi na moja. Wateja nao walianza kupokea barua za ajabu kwa jina letu. Chanzo ni barua iliyofika Jumatatu, ikidai akaunti itafungwa ndani ya saa ishirini na nne, hivyo tutume neno la siri au tubonyeze kiungo na kulijaza.

Mwenyekiti alisema inafahamika ni nani aliyeijibu. Mama Vifungo alikiri kwamba aliijibu, kwa sababu ilianza kwa salamu, na yeye hakulelewa kuacha salamu ikining'inia. Mwenyekiti alitoa maoni yake kuhusu malezi hayo kwa sauti ambayo Katibu hana namna ya kuiandika. Mama Vifungo aliweka mezani barua ya kujiuzulu na ufunguo wa chumba. Katibu hakuchangia.

KUMB. NA. 3/6: MAELEZO YA FUNDI ZIPU
Fundi Zipu aliarifu kwamba akaunti ilirudi asubuhi kupitia namba ya simu ya kikundi. Alibadilisha neno la siri, akaondoa vifaa vyote vigeni, na sasa kila anayeingia atatumiwa namba ya uthibitisho kwenye simu. Wateja wameonywa.

Aliwaonyesha wajumbe barua yenyewe. Anwani ya mtumaji ilikuwa na herufi moja ya ziada, na tuliitwa "Mpendwa Mtumiaji" kana kwamba hatuna jina. "Halafu vitisho na haraka zote hizo za nini? Mtu akikukimbiza hivyo, toa mkono kwenye kompyuta," alisema.

Kisha alisoma jibu la Mama Vifungo, alilolikuta kwenye barua zilizotumwa: "Salama mwanangu, za huko? Sisi hapa hatumtajii mtu hata kiuno cha mteja, sembuse neno la siri. Nikikuambia litakuwa siri gani tena? Wasalimie nyumbani."

Fundi Zipu alisema, "Jamani, Mama hakutoa kitu. Kuna mwingine aliyebonyeza."

KUMB. NA. 4/6: MENGINEYO
Mwenyekiti alisimama, akamwomba radhi Mama Vifungo, kisha akauliza ni nani.

Katibu alisema ni yeye. Jumatatu alibonyeza kiungo akiwa na pini mdomoni, akajaza neno la siri, ukurasa ukapotea, akadhani ni mtandao. Jumanne alielewa. Aliona aibu, akanyamaza siku zote hizo huku Mama akilaumiwa, na hilo linamuuma kuliko akaunti. Aliomba ajiuzulu yeye.

Mama Vifungo alikataa. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha Katibu kutunga uzi, na hamfukuzi kwa sababu ya kidole chepesi. "Ila kunyamaza kumeniumiza, mwanangu. Siku nyingine ukiungua, piga kelele mapema tuje kuzima."

Iliazimiwa kwamba barua yoyote inayoomba neno la siri isomwe kwa sauti hapa chumbani kabla ya kuguswa. Atakayekosea aseme siku hiyo hiyo, na asifokewe.

Kuanzia hapa ameandika Mwenyekiti: Katibu ameshindwa kuendelea, analia. Mama Vifungo amerudisha ufunguo mfukoni, amekaa naye. Nimefunga kikao saa 10:25, wao wawili nimewaacha kwanza.

Mwenyekiti: (amesaini)
Katibu: (atasaini akitulia)