Samaki wa Tangi la Tone Moja

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kufungiwa kwa mtaalamu wa mazingira katika chumba cha majaribio, kiwanda cha vyuma

Jina: Mjomba Tingatinga (ndivyo watu wote wanavyoniita, la kitambulisho afisa ameliona)
Umri: miaka 53, ila nguvu ni za kijana
Kazi: mtunza samaki wa majaribio, kiwandani
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda, kwa dada yangu

Nimeonywa niseme kweli tupu. Kusema kweli kwangu ni kipaji. Shule niliishia darasa la tano kwa sababu mwalimu aliishiwa ya kunifundisha. Afisa ameniambia niende kwenye jambo lenyewe.

Leo saa mbili asubuhi niliingia chumba cha majaribio na mtaalamu wa mazingira, binti wa rika la mpwa wangu. Kiwanda kinaosha grisi ya vyuma kwa kemikali mpya na kinataka kibali cha kumwaga maji yake mtoni. Kwa hiyo wiki iliyopita binti huyu aliweka samaki kwenye matangi ya vioo: moja la maji safi, mengine yametiwa kemikali, kuanzia tone moja kwenda juu. Baada ya siku kadhaa tunaangalia nani yu hai. Samaki hao niliwavua mimi kwa mikono mitupu. Wengine walikuja wenyewe waliposikia jina langu.

Wa maji safi tuliwakuta wanaogelea. Wa matangi mengine wote walikuwa wanaelea tumbo juu, hadi wale wa tone moja.

Mtaalamu akasema, "Mjomba, maji haya yasifike mtoni hata kikombe."

Msimamizi wa kiwanda alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia, "Weka samaki wengine, rudia." Binti akakataa. Msimamizi akacheka kidogo. "Basi pumzikeni humo kwanza." Akavuta mlango, tukasikia kufuli.

Chumba kile kina kidirisha kimoja cha nondo, hapenyi hata paka. Kupitia hapo tulimwona fundi akizungusha gurudumu la lango la bwawa la maji machafu. Maji yakaanza kwenda mtoni. Nilipiga mlango kwa bega hili mnaloliona. Mlango ni wa chuma.

Simu ya mtaalamu ilibaki getini, ndiyo sheria ya kiwanda. Yangu huwa naificha kwenye buti. Nikampigia mpwa wangu, ambaye saa hizo huwa mtoni na wenzake wakichota maji ya kunywa.

"Toka mtoni, na wenzako watoke!"

"Shikamoo mjomba. Leo ni chui au mamba?"

Nikasikia wengine: "Weka sauti kubwa, Tingatinga kaanza!"

Nikamwambia nimefungiwa, nimeshaangusha walinzi watatu na mlango nimeukunja nusu. Wakacheka mpaka ndoo zikagongana. Akakata.

Mtaalamu akaniangalia. "Walinzi gani, mjomba?" Akasema, "Mwambie habari ya samaki. Samaki tu."

Nikapiga tena. "Mwanangu, samaki wamekufa. Maji yaliyowaua yanakuja huko. Nimefungiwa, na mlango umenishinda."

Nikasikia anawatuliza wenzake.

"Mjomba, umesema umekushinda?"

"Umenishinda."

Nikasikia ndoo inamwagwa, naye anapiga kelele, "Tokeni! Tokeni majini!" Sauti nyingine ikajibu, "Mbona mtoto wangu keshakunywa?" Simu ikaisha chaji.

Tukakaa pale dirishani tukiyaangalia maji yanavyopita. Hakuna kingine tulichoweza.

Saa tano kasoro polisi walitufungulia, wameletwa na dereva wa mtaalamu, aliyekuwa akimsubiri getini akaona hatoki. Niliwaambia askari lango bado liko wazi. Mmoja ananifahamu, akawakonyeza wenzake. Tukija huku kituoni nilitaka nishuke njiani niende mtoni, nikaambiwa maelezo kwanza. Sijui yule mtoto ni wa nani. Sijui mpwa wangu yuko wapi.

Niliyoyaona ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu. Na maji ya kikombe hiki ulichoniwekea, afisa, tafadhali usiyanywe.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maoni ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo, ameyakubali saa 5:20 asubuhi. Maji aliyopewa hakuyagusa. Kituo hiki huletewa maji kutoka mto huohuo. Nimemwaga pipa na kuwakataza askari wote. Naondoka sasa kwenda kulifunga lango la bwawa. Shahidi yuko garini.