Sentensi ya Ikram

Jumatatu, 19 Agosti 2024

Upepo wa hapa Msalato, Dodoma, leo umeingia mpaka kwenye boksi la chaki. Darasa la nne nimelifundisha na vumbi mdomoni. Mada ya wiki: kusema kwa Kiingereza jambo lililokuwa likiendelea. Kwa Kiswahili hata mtoto wa chekechea anasema "nilikuwa nacheza" na hakuna anayempigia makofi. Kwa Kiingereza, watu wameuza mashamba ya zabibu ili wamsikie mtoto wao akisema hivyo.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Romani, kaniita ofisini. Alhamisi Mkurugenzi, yaani mama mwenye shule, anakuja na wazazi kutazama kipindi changu. Kikienda vizuri, Romani atanisemea nitoke kwenye matazamio niajiriwe moja kwa moja. Kikiharibika... hakumalizia, akanywa chai. Kazi hii naitaka. Nimechoka kuhama shule hadi shule na godoro kichwani.

Mapumziko Ikram kanifuata. Kadogo, nyumba yao inatazamana na geti letu, na kunong'ona hajui. "Madam, jana mwalimu mkuu alikuwa—" Nikamkata. Kiswahili ndani ya uzio ni marufuku. Ukinaswa unavaa kibao shingoni mpaka umnase mwenzako. Nikamwambia aseme kwa Kiingereza au anyamaze. Akafikiri sana, akanyamaza.

Jumanne, 20 Agosti

Romani kaleta sentensi za kukaririsha. My mother was cooking. My father was reading a newspaper. Ndiyo familia rasmi ya shule yetu — mama jikoni, baba na gazeti.

Sila kauliza kama anaweza kusema baba yake alikuwa anachomelea mageti, maana ndiyo kazi yake kule Kizota, na gazeti analiona likiwa limefungiwa karanga tu. Nikamjibu kwamba Alhamisi baba yake anasoma gazeti. Kakubali. Watoto wana huruma sana na walimu wao.

Uji wa leo mwepesi, unaona kitako cha kikombe. Mpishi anasema unga umepungua stoo. Romani anasema ni panya. Panya gani huyo anayekula na gunia lake?

Alhamisi, 22 Agosti

Wazazi walijaa nyuma ya darasa. Mkurugenzi mbele, simu juu, anarekodi. Mama walipika, baba walisoma magazeti, mambo yakaenda. Baba wa Sila mwenyewe alikuwepo, kavaa koti la kuazima, akasikiliza anavyosoma gazeti, akatabasamu. Sidhani kama alielewa.

Nikamwita Ikram. Zamu yake ilikuwa mama jikoni. Akasimama, akavuta pumzi, akasema moja kwa moja bila kukwama: "On Sunday, I was sweeping outside our house, and the head teacher was putting our porridge flour in a bajaji."

Yaani Jumapili yeye alikuwa anafagia nje kwao, na mwalimu mkuu alikuwa anapakia unga wetu wa uji kwenye bajaji.

Nikajua nimekwisha.

Makofi! Mkurugenzi kasimama. "Jamani, mnausikia ung'eng'e huo? Mtoto wa darasa la nne!" Mama mmoja akapiga vigelegele. Baba mmoja wa wizarani, mwenye tai, akatikisa kichwa na kusema very good mara mbili. Walioelewa ni mimi na Romani. Romani naye alipiga makofi, taratibu, macho kwangu.

Sentensi yenyewe haina kosa hata moja. Jumatatu alitaka kuniambia hili kwa lugha aliyokuwa nayo, nikamzuia. Kaisubiri lugha niliyoitaka mimi. Nina aibu, na nina hofu kuliko aibu.

Ijumaa, 23 Agosti

Video iko kwenye kundi la wazazi tangu jana. "Mtoto anateremka kama maji." "Ada yetu haijapotea." Hakuna aliyeuliza habari ya unga.

Mkurugenzi kapiga simu mwenyewe. Kesho mahafali ya darasa la saba, Ikram atairudia ile sentensi mbele ya mgeni rasmi. "Na wewe Madam Sidonia utasimama naye utafsiri kwa Kiswahili. Kuna mabibi na mababu hawajui Kiingereza, nao wafaidi." Nikasema sawa, Mama. Ningesema nini?

Jioni Romani kaja mpaka mlangoni kwangu, mpole kama mchumba. Kasema tafsiri siyo lazima iwe neno kwa neno. "Sema nilikuwa napakua. Kupakia na kupakua, Madam, ni tofauti ndogo tu." Halafu kasema habari ya ajira yangu ataifikisha Jumatatu. Kaniachia kilo ya sukari. Sijaigusa.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandikia nyuma ya turubai, mwimbaji wa kwaya ananisukuma kiwiko. Ikram yuko hapa, ushungi mweupe, viatu vimepakwa mafuta ya kupikia. Bibi yake katoka Kondoa kwa basi jana, kaketi mstari wa kwanza.

Kaniuliza kwa Kiswahili, wazi kabisa: "Madam, utasema vilevile nilivyosema mimi?" Kibao nilikuwa nacho mkobani. Sikukitoa.

Nikamwambia aanze yeye, mimi nitasema atakachokisema. Nilipogeuka, Romani alikuwa amesimama nyuma yetu na chupa mbili za maji. Kanipa moja. Kaenda zake kwa MC, nimemwona akimwonyesha saa, eti ratiba imebana, kipengele chetu kirukwe.

Mkurugenzi kaudaka mwenyewe ule mnong'ono. Kashika maiki: "Kirukwe? Labda mimi nisiwepo. Mgeni rasmi nimemleta aje kumsikia huyu mtoto."

Ikram kanishika mkono. Wake mkavu, wangu ndio unaotoka jasho. Wanatuita.